Kwenda Malawi kujenga nyumba baada ya kimbunga: mwongozo kamili kwa anayejitolea

Kila kimbunga kinapopita kusini mwetu, swali ni lile lile: "Nina nguvu, nina likizo, mwiko najua kuushika. Niende wapi nikasaidie?" Wengi huondoka kabla hawajapata jibu. Wengine wamezuiwa mpakani kwa kukosa karatasi. Wengine wamefika Blantyre wakakaa nyumba ya wageni wakisubiri simu ya mtu ambaye tangu mwanzo hakuwa na kazi ya kuwapa. Wapo pia waliotuma pesa ya "usajili" kwa namba ambayo siku hizi haipatikani.

Kosa lao ni moja: wanaanza na safari, kazi wanaitafuta wakishafika. Hapa tunaanza na kazi, basi tunapanda mwishoni.

Mfano wangu ni Malawi kusini baada ya Kimbunga Freddy cha Machi 2023, kilichoua watu zaidi ya 600, kikaacha mamia wengine hawajulikani walipo na kuwang'oa makwao zaidi ya 650,000. Nimeichagua Malawi kwa sababu mtu wa Mbeya anafika kwa basi, na kwa sababu nyumba zilizoanguka kule zinafanana sana na zetu za vijijini: tofali za udongo, msingi mfupi, bati lililopigiliwa kwa haraka. Ukiziweza hatua hizi, utazitumia hata Msumbiji, ambako Idai ilipiga Beira mwaka 2019.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Karatasi

- Pasipoti yenye angalau miezi 6 zaidi ya tarehe ya kurudi.
- Barua ya mwaliko kutoka kwa shirika au taasisi ya Malawi (maelezo yako Hatua ya 2 na ya 3).
- Cheti cha tabia njema cha polisi. Mashirika mengi yanayofanya kazi karibu na watoto hayakupokei bila hicho, na hakitoki kwa siku moja, kwa hiyo anza nacho.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano.
- Bima ya safari inayotaja kwa maandishi kwamba inagharamia ajali za kazi za mikono. Bima nyingi za watalii hazigusi mtu aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi.
- Nakala za vyeti vya ufundi kama unavyo, vya VETA kwa Tanzania au NITA kwa Kenya.

Afya

- Chanjo ya pepopunda iliyo hai. Eneo la kifusi lina misumari yenye kutu kila unapokanyaga.
- Dawa za kinga ya malaria, hasa kama umekulia Nairobi, Arusha au Mbeya mjini ambako mwili haujazoea. Muulize daktari mapema, kwa sababu baadhi huanza kumezwa kabla ya safari.
- Vidonge vya kusafisha maji na pakiti za ORS.

Vifaa vya kazi

- Buti ngumu zenye ncha ya chuma, ambazo umeshazivaa zikalegea. Buti mpya zitakutoa malengelenge siku ya kwanza.
- Glovu za ngozi jozi mbili, miwani ya kazi, kofia ngumu, barakoa za vumbi la saruji.
- Mwiko wako, timazi, pima maji, futi ya mita 5 na kamba ya kuvutia. Sululu, makoleo na matoroli utayakuta.
- Sweta. Usicheke, sababu inakuja.

Nguo za mitumba usibebe. Zitakula nafasi ya begi, na soko la mitumba la Malawi limejaa kama la kwetu.

## Hatua ya 1: Subiri msimu wa kujenga

Freddy kilipiga Malawi tarehe 12 na 13 Machi. Wiki zile hazikuwa za mafundi. Chilobwe, pembezoni mwa Blantyre, watu walikuwa wakifukua tope la maporomoko kutafuta ndugu zao. Wilaya za Nsanje na Chikwawa zilihitaji boti, maji safi na dawa. Shule zilikuwa zimegeuka kambi. Juu ya hayo nchi ilikuwa katikati ya mlipuko wa kipindupindu ulioua zaidi ya watu 1,700. Fundi anayeingia wakati huo bila kuitwa ni mtu mmoja zaidi kwenye foleni ya maji.

Halafu kuna mvua. Kule hunyesha kati ya Novemba na Aprili, na tofali la udongo halikauki mvuani. Mavuno yakishaingia ndani, kuanzia Mei, watu wanafyatua tofali na ujenzi unashika kasi hadi Oktoba. Hicho ndicho kipindi chako.

Ndani ya kipindi hicho chagua kwa akili. Juni na Julai, Mulanje, Thyolo na Blantyre hushukiwa na ukungu wa manyunyu wanaouita chiperoni, baridi inayoingia mifupani na kuchelewesha tofali kukauka. Sweta ni la hapo. Oktoba nako, bonde la Shire ya chini, yaani Chikwawa na Nsanje, huwaka joto kali, na kazi inabidi ianze alfajiri na kusimama kabla ya saa sita. Ningekuwa nachagua mimi, ningekwenda Agosti.

Wanaoruhusiwa kuvunja kanuni hii ni waokoaji na wauguzi waliotumwa rasmi na taasisi zao.

Wakati unasubiri, jipime nyumbani. Baada ya maporomoko ya tope ya Hanang mwezi Desemba 2023, watu hapa hapa Tanzania walihitaji nyumba mpya. Asiyeweza kubeba karai siku tano mfululizo karibu na kwao hataiweza kazi ya Phalombe, moja ya wilaya za Malawi zilizopigwa na Freddy.

*Umefaulu kama:* una tarehe mkononi kati ya Mei na Oktoba, na haijakatiwa tiketi bado.

## Hatua ya 2: Tafuta mwenyeji

Mwenyeji ni taasisi iliyoko Malawi ambayo tayari ina viwanja, orodha ya familia, msimamizi wa ujenzi na bajeti ya vifaa. Mtu binafsi aliyekuambia mtandaoni "njoo tu, kazi zipo" hana hata kimoja kati ya hivyo. Njia zinazofanya kazi ni hizi.

Habitat for Humanity. Shirika hili la makazi lina ofisi Malawi na limezoea kupokea vikundi vya wanaojitolea. Utaombwa kulipia safari yako na kuchangia ujenzi. Watu wengi hukasirika hapo: "Najitolea, halafu nalipa?" Lakini nguvu zako hazinunui saruji. Mchango ndio unaolipia bati, msimamizi, usafiri wa kwenda eneo la kazi na chakula chako. Swali la maana ni kama utaonyeshwa mchanganuo wake.

Msalaba Mwekundu. Usibishe hodi kwa chama cha Malawi. Jiunge na tawi la nchi yako, pata mafunzo, ujulikane. Vyama hivi hutumiana watu kwa kupitia vyama vyenyewe, na anayetumwa ni yule ambaye viongozi wa tawi wameshamwona akifanya kazi. Ni njia ndefu, ila haina ada ya ajabu.

UNV na kikosi cha vijana cha Umoja wa Afrika. Programu ya wanaojitolea ya Umoja wa Mataifa, yenye makao Bonn, na ile ya vijana ya Umoja wa Afrika iliyoanza 2010 zinawafaa wenye taaluma: wahandisi, wakadiriaji majenzi, wapimaji ardhi. Muda ni wa miezi, na unapewa posho ya kujikimu. Kama likizo yako ni ya wiki mbili, pita.

Nyumba za ibada. Hii naiona inapuuzwa, na kwa mtu wa kawaida wa Afrika Mashariki huenda ndiyo rahisi kuliko zote. Dayosisi yako huenda ina uhusiano na dayosisi ya Malawi. Wapresbiteri wana kanisa lao la CCAP, lenye sinodi yake Blantyre. Jumuiya za Kiislamu zina nguvu hasa upande wa Mangochi na Machinga. Mchungaji au sheikh wa kijiji anajua ni mjane yupi bado analala chini ya turubai. Andika kupitia uongozi wako, usimwandikie mtu binafsi.

Kisha hakikisha. Mashirika yasiyo ya kiserikali Malawi husajiliwa na mamlaka inayoitwa NGORA. Omba namba ya usajili, waandikie NGORA uwaulize. Malipo yoyote yaende kwenye akaunti ya benki yenye jina la shirika. Ukiletewa namba ya simu ya mtu, hata awe na picha nzuri kiasi gani, hapo pameisha.

## Hatua ya 3: Piga simu moja ya maswali magumu

Kabla ya kukubali, ongea na msimamizi wa ujenzi mwenyewe, kwa sababu afisa mahusiano atakujibu vizuri kila kitu. Muulize:

1. Familia hizi zilichaguliwa na nani? Jibu zuri linataja kamati ya kijiji, chifu na ofisi ya wilaya.
2. Mafundi wa kijiji wanalipwa?
3. Mnafuata mwongozo gani wa ujenzi? Serikali ya Malawi ina mwongozo wake wa nyumba salama zaidi. Msimamizi asiyeujua ni dalili mbaya.
4. Choo kimo kwenye mpango wa nyumba?
5. Jumatatu ya kwanza saa mbili asubuhi nitakuwa nafanya nini?
6. Nikivunjika mguu, gari ni la nani na hospitali ni ipi?

Swali la pili ndilo ninalolitazama zaidi. Baada ya maafa, kibarua cha ujenzi ni kati ya pesa chache zinazoingia kijijini. Wageni kumi wakija kupanga tofali bure, kuna vijana kumi wa pale waliokosa ujira, na mmoja wao huenda ndiye aliyebomokewa. Mpangilio ulio sawa ni huu: fundi wa pale analipwa na ndiye anayepanga kozi (mistari ya tofali), wewe ni saidia fundi. Unabeba maji, unachanganya udongo, unashika ngazi. Kama ulitaka kuonekana juu ya ukuta na mwiko, safari hii si yako.

*Tahadhari:* jibu la "utaona ukifika" kwa swali la tano lina maana kwamba kazi haipo.

*Umefaulu kama:* una barua yenye jina lako na namba ya pasipoti, kijiji na wilaya, tarehe za kuanza na kumaliza, aina ya kazi, na nani anagharamia malazi na dharura.

## Hatua ya 4: Fanya hesabu bila kujidanganya

Andika gharama zote: nauli, bima, chanjo, vibali, mchango wa vifaa, chakula, na akiba ya angalau sehemu moja ya tano ya jumla. Kisha mwulize msimamizi bei ya paa la nyumba moja, bati na mbao na misumari pamoja. Ziweke hesabu mbili sambamba.

Mtu wa Kyela au Mbeya mara nyingi ataona safari yake inaingia akilini. Ndugu yetu aliyeko London au Muscat, anayetakiwa kukata tiketi ya ndege, huenda akaona tiketi hiyo ingeezeka nyumba za watu. Hapo mimi humwambia atume pesa kwa shirika alilolihakiki, na likizo yake aje kuwasalimu wazazi. Asiyekubaliana nami awe na ujuzi ambao haupatikani kijijini: uhandisi, umeme, upimaji.

Kuhusu kwacha: fedha za kigeni zimekuwa adimu Malawi kwa muda mrefu, na Novemba 2023 benki kuu ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44 kwa mkupuo. Bei uliyoambiwa mwezi uliopita iulize tena. Badilisha benki au kwenye duka lenye leseni, maana wabadilishaji wa mtaani wanavunja sheria na utavunja nao. Ukifika, sajili laini upate Airtel Money au Mpamba ya TNM, kwa sababu vijijini noti kubwa haina chenji.

## Hatua ya 5: Vuka mpaka kihalali

Kwa anayetoka Tanzania: Mbeya, Tukuyu, Kyela, kisha Kasumulu. Unavuka Mto Songwe, unaingia Karonga, halafu unafuata barabara kuu ya M1 kupitia Mzuzu na Lilongwe hadi Blantyre. Usijaribu kuimaliza kwa mkupuo mmoja. Lala Mzuzu au Lilongwe, maana kusafiri usiku kwenye barabara yenye malori, ng'ombe na baiskeli zisizo na taa hakuna faida yoyote.

Jambo linalowaponza wengi ni kudhani kwamba muhuri wa mgeni wa kawaida unaruhusu kufanya kazi. Kazi ya kujitolea nayo ni kazi. Mwenyeji wako ndiye aiandikie Idara ya Uhamiaji ya Malawi kabla hujasafiri, aulize ni kibali gani kinakuhusu, na akutumie jibu kwa maandishi. Dirishani sema ukweli: nakwenda kijiji fulani, kujenga na shirika fulani, barua hii hapa. Ukisema "natembea tu" huku begi lina timazi na kofia ngumu, utakuwa umejitengenezea kesi.

Vifaa vipya ndani ya maboksi yake huonekana kama bidhaa. Vitoe kwenye maboksi, beba kimoja kimoja, na uwe na orodha.

*Umefaulu kama:* muhuri wa pasipoti unalingana na tarehe za barua. Usome pale pale dirishani.

## Hatua ya 6: Salimia kabla hujachimba

Siku ya kwanza si ya kazi. Utapelekwa kwa chifu, mfumu, na utakaa chini usubiri. Piga "odi" mlangoni kama ulivyozoea kupiga hodi, salimia "muli bwanji", shukuru "zikomo". Kwenye kazi lugha itakubeba haraka kuliko ulivyodhani: nyumba ni nyumba, madzi ni maji, mchenga ni mchanga, njerwa ni tofali, malata ni mabati. Kiswahili utakikuta zaidi kaskazini, Karonga, kusini usikitegemee.

Sasa jambo ambalo wageni hulikosea kabisa. Katika sehemu kubwa ya kusini, kwa Walomwe, Wayao na Wamang'anja, ardhi hupita upande wa mama. Mume huhamia kijijini kwa mke. Kwa hiyo unapotaka kujua kiwanja kinaishia wapi, au mlango utazame wapi, mwenye neno mara nyingi ni mama mwenye nyumba na mjomba wake, hata kama anayezungumza kwa sauti ni baba. Nsanje kwa Wasena mambo ni tofauti, ardhi inafuata baba. Muulize msimamizi taratibu, na hakikisha aliyesaini karatasi ya makubaliano ndiye mwenye ardhi. Nyumba iliyojengwa kwenye kiwanja cha mtu mwingine ni ugomvi wenye paa.

Picha: omba ruhusa kwa mtu mzima, na watoto usiwapige. Pesa na pipi usigawe, kwa sababu kesho atakayesumbuliwa ni mwenzako anayekuja baada yako.

## Hatua ya 7: Kiwanja na msingi

Kuchagua kiwanja si kazi yako, ila macho unayo. Tazama alama ya maji kwenye miti na kuta zilizobaki. Tazama kama kuna korongo juu yake: maporomoko ya Freddy yalifuata mikondo ile ile ya mlima, Soche kwa Blantyre na Mulanje kwa vijiji vya chini yake. Kama kiwanja kimekaa mdomoni mwa korongo, mwambie msimamizi faraghani, siku hiyo hiyo.

Kupiga kona mraba: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kati ya ncha hizo lazima iwe mita 5 kamili. Rudia kona zote nne, kisha pima mshazari wa nyumba nzima mara mbili. Mishazari ikilingana, anza kuchimba.

Chimba hadi udongo mgumu. Kwenye bonde la Shire kuna udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Hapo kina kiamuliwe na mhandisi. Sakafu ipande juu ya ardhi ya nje, na juu ya msingi ulazwe utando wa nailoni nzito wa kuzuia unyevu kabla ya tofali la kwanza. Maji ya chini hula ukuta polepole bila mtu kuona, na ukuta uliolegea miguuni ndio unaoangushwa na upepo wa kwanza.

## Hatua ya 8: Tofali na ukuta

Hapa ndipo saidia fundi anaweza kuokoa nyumba nzima, kwa kukataa tofali bovu kabla halijapandishwa.

Chukua tofali mbili zilizochomwa, zigonge moja kwa nyingine. Zikitoa mlio mkali, zimeiva. Zikitoa mlio wa kufa, zimechomwa nje tu. Kwaruza kwa ukucha: isibaki alama. Iangushe moja kutoka usawa wa kiuno, ubapa chini: isivunjike. Loweka nyingine usiku kucha, asubuhi uibonyeze: isilainike. Mafungu yanayoshindwa yarudishwe, hata kama muuzaji ni shemeji wa kila mtu.

Mchanga nao upime. Sugua kiasi viganjani. Ukiacha tope, una udongo mwingi. Au weka mchanga hadi theluthi ya chupa ya plastiki, jaza maji, tikisa, acha hadi jioni. Tope litatuama juu ya mchanga. Tabaka likiwa nene, huo mchanga uoshwe au uachwe.

Miradi mingine imeacha tofali za kuchoma kwa sababu tanuru linameza kuni nyingi, na milima iliyonyolewa miti ndiyo hiyo inayoporomoka. Wanatumia udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kugandamizwa kwa mashine ya mkono. Tofali hizi zinadai kitu kimoja: maji. Zifunikwe na zimwagiliwe kwa angalau siku 7, asubuhi na jioni. Ni kazi isiyo na picha nzuri, na kila mtu huikwepa. Ichukue wewe.

Wakati wa kupanga:

- Loweka tofali za kuchoma kabla ya kupanga, la sivyo zitanyonya maji ya udongo na kozi haitashika.
- Kila kozi mbili, timazi kwenye kona. Ukuta ulioinama sentimita moja leo utainama nne ukifika juu.
- Milango na madirisha yakae mbali na kona, kwa sababu kona ndizo zinazoshika nyumba.
- Juu ya madirisha ipite lenta, yaani mkanda wa kufunga ukuta, inayozunguka nyumba yote, isikatike mlangoni.

*Tahadhari:* saruji mbichi inaunguza ngozi. Ikiingia ndani ya buti, vua na uoshe papo hapo.

*Umefaulu kama:* ukisimama konani na kutazama kamba, huoni mwanga kati yake na ukuta.

## Hatua ya 9: Paa

Upepo wa kimbunga hunyanyua paa kutoka chini. Mafundi wengi wa kwetu na wa kule huezeka wakifikiria mvua, wanategemea uzito wa mbao na misumari kadhaa. Kwa kimbunga, paa lifungwe hadi ukutani, na ukuta hadi msingini.

Ukanda wa bati au waya mzito unatakiwa ulazwe ndani ya ukuta kozi kadhaa kabla ya kufika juu, sio kozi ya mwisho. Ncha zake zinabaki zikining'inia, kisha zinazungushwa kwenye mbao iliyolala juu ya ukuta na kupigiliwa. Kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zifungwe kwenye mbao hiyo kwa ukanda, papi (mbao zinazopigiliwa bati) zifungwe kwenye kenchi. Ukimkuta fundi ameshafika kozi ya juu na hakuna ukanda unaochungulia, simamisha kazi kwa heshima, umwite msimamizi. Baada ya hapo hakuna marekebisho ya maana.

Bati: geji, yaani kipimo cha unene, yenye namba ndogo ndiyo nene. 28 ni nene kuliko 32, na wauzaji wanapenda kukupa 32 kwa bei ya 28. Msumari wa bati upigwe kwenye mgongo wa wimbi, usipigwe bondeni maji yanakopita, na pembezoni mwa paa misumari ikaribiane zaidi, kwa sababu upepo huanza kuchambua pembeni.

Ubishi mkubwa utausikia kwenye ukingo wa paa. Ukitokeza sana, upepo unapata pa kushika. Ukiwa mfupi sana, mvua inalowesha ukuta wa udongo. Fundi wa pale ana jibu lake, na mara nyingi ni zuri: ukingo wa wastani, na chini ya ukuta plasta ya saruji ya kukinga maji yanayoruka. Baraza ipewe paa lake peke yake, lisiunganishwe na paa kubwa. Kimbunga kikiling'oa, nyumba inabaki imefunikwa.

*Tahadhari:* kuezeka kusifanywe upepo ukivuma. Bati lililoponyoka hukata shingo. Mwenye kizunguzungu abaki chini kupasia misumari.

*Umefaulu kama:* watu wawili wakining'inia kwenye ncha ya kenchi, hakuna kinachosogea wala kulia.

## Hatua ya 10: Kukabidhi na kufuatilia

Usiondoke bila kupita nyumba nzima pamoja na mama mwenye nyumba na msimamizi. Funga na kufungua kila mlango. Mwonyeshe ukanda wa bati ulipo na kwa nini asikubali mtu aukate akiongeza chumba. Kasoro ziandikwe, na aliyepewa kazi ya kuzirekebisha atajwe kwenye karatasi hiyo.

Vifaa unavyotaka kuacha vikabidhi kwa msimamizi avigawe kwa mafundi kwa utaratibu. Usimwahidi mtu ada ya shule wala kazi Dar es Salaam.

Mvua za kwanza zikianza, Novemba au Desemba, mpigie msimamizi. Muulize maji yanatuama wapi kuzunguka msingi, kama kuna msumari unaovuja, kama kuna nyufa zilizoanzia kwenye pembe za madirisha, na kama ukanda umeanza kutu pale ulipopindwa. Majibu yaandikie shirika kwa barua pepe, na nakala mpe kiongozi wa kikundi kitakachokwenda Mei inayofuata, wakati bado kuna muda wa kununua misumari mingine.